Kwa Mjomba: Nataka kufika Rombo na Boxer yangu Krismasi hii

Mjomba, shikamoo.

Mimi ni kijana wa miaka 28, kwetu Rombo, Kilimanjaro, ila maisha yangu yapo Tegeta, Dar es Salaam, ambako naendesha bodaboda. Mwezi wa tisa nimemaliza mkataba. Kwa wasomaji wako wasioijua lugha hii: tajiri anakununulia pikipiki, wewe unampelekea hesabu kila siku, mimi ilikuwa elfu kumi, mpaka muda mliokubaliana utimie ndipo chombo kinakuwa chako. Wangu ulichukua miezi 14. Kuna siku nimepeleka hesabu nikiwa na malaria, na kuna siku nimekopa kwa mama ntilie ili elfu kumi itimie. Sasa Boxer cc 150 ni mali yangu. Jioni naifuta vumbi mpaka wenzangu wananicheka.

Sijaenda nyumbani Krismasi tatu. Unatujua Wachagga na Desemba, Mjomba. Ukikosa mwaka mmoja wanasema kazi zimekubana, ukikosa wa pili wanasema mji umekumeza, wa tatu wanaacha kusema mbele yako. Binamu zangu wanapanda mlimani na magari ya namba E, yaliyosajiliwa karibuni, wanapaki pale kihambani, watoto wanayazunguka kuyashika. Mimi sikuwa na cha kupaki. Mwaka huu ninacho, na nataka kiingie getini kikiunguruma nikiwa juu yake, siyo kishushwe kwenye buti la basi kama gunia la viazi.

Mpango wangu ni huu. Tarehe 23 saa tisa usiku natoka Tegeta, jioni nipo nyumbani. Nyuma nampakia mchumba wangu, ambaye mama hajamwona bado. Yeye ni Mngoni, hana woga, anasema yupo tayari hata tungekuwa tunakwenda kwa baiskeli. Kwenye keria nafunga TV ya inchi 32 ya mama na mchele kilo 25. Nauli za Desemba unazijua, kwa hiyo nimeona na hela nitaokoa.

Kijiweni kila mtu ana lake. Mmoja anasema injini ndogo nisiizime mpaka Korogwe, nikiizima ikiwa ya moto itagoma kuwaka. Wa pili anasema niweke oili ya gari, ile nzito, na nitoe ea klina ili injini ipumue vizuri. Wa tatu aliwahi kwenda Morogoro, yeye anasema nikipata basi nijibane nyuma yake, upepo wake utanivuta na mafuta nitatumia nusu. Wa nne anasema nimechanganyikiwa, pikipiki ya cc 150 ni ya kutoka Tegeta mpaka Mwenge.

Mama naye ni habari nyingine. Mtoto wa baba mdogo alivunjika mguu kwa bodaboda miaka miwili iliyopita, ana chuma mguuni mpaka leo, na tangu hapo mama akisikia neno pikipiki anashika kichwa. Nimemwambia nakuja na basi. Nimepanga ajue nikishafika.

Naomba uniambie ukweli, Mjomba. Boxer itafika? Na hawa wa kijiweni nimsikilize nani?

Mrombo wa Tegeta


MJOMBA ANAJIBU

Marahaba, mpwa wangu, na hongera kwanza kwa mkataba. Miezi 14 ya kupeleka hesabu bila kuruka ni kazi ambayo wengi wenye magari ya namba E wasingeiweza.

Boxer itafika. Nalisema mwanzoni ili usisome yanayofuata ukidhani nakutafutia njia ya kukukatalia. Nimekuwa bwana shamba mkoa wa Tanga kwa miaka mingi, na ofisi ilinipa pikipiki ya cc 125 ambayo ilikuwa na nguvu pungufu kuliko hiyo yako. Nimeipandisha Lushoto, nimeizungusha Handeni, na mara mbili nimekwenda nayo Moshi kwenye misiba. Injini ndogo haichoki kwa sababu safari ni ndefu. Inachoshwa na mwenye haraka. Nami nikiusoma mpango wako, kila kitu ndani yake kina haraka: saa tisa usiku, siku moja, tarehe 23, watu wawili, TV na mchele juu.

Nianze na tarehe. Najua kwa nini umechagua 23. Wiki ya mwisho kabla ya sikukuu bodaboda mjini anavuna, na ukiondoka 18 unaacha hela mezani. Lakini kati ya tarehe 20 na 24 barabara ya kaskazini inakuwa na magari mengi kuliko siku yoyote ya mwaka: mabasi ya ziada, Noah zilizojaa mpaka madirishani, na watu wenye magari yao binafsi ambao mwaka mzima hawajatoka nje ya mji na leo wanataka kufika Machame kabla ya chakula cha mchana. Hao wa mwisho ndio nawaogopa kuliko madereva wa mabasi. Dereva wa basi anaijua kona. Ondoka tarehe 18. Hizo siku tano za kazi zichukulie kuwa ndiyo nauli yako.

Halafu ziwe siku mbili. Kutoka kwako Tegeta mpaka Rombo ni kilomita 550 hivi. Kwa mwendo wa 60 mpaka 70, ambao ndio mwendo wa Boxer iliyobeba mtu na begi, ukijumlisha matuta, vibao vya 50 kwenye kila kijiji, mafuta na kunyoosha mgongo, unatembea kama kilomita 50 kwa saa. Piga hesabu mwenyewe uone ni saa ngapi juu ya kiti. Mjini unakaa kijiweni, unapeleka abiria, unarudi, unapumzika. Hujawahi kukaa juu ya hiyo pikipiki saa tano mfululizo, hata kama unaiendesha kila siku ya Mungu. Mikono itakufa ganzi kwa mtetemo, macho yatakauka, na saa ya tisa au ya kumi utaanza kuona tuta wakati umeshalipita.

Siku ya kwanza lala Korogwe. Wewe una bahati ya kukaa Tegeta, huna haja ya kugusa Kibaha wala Mlandizi wala msongamano wa barabara ya Morogoro. Shika Bunju, Bagamoyo, kisha ile lami ya Bagamoyo kwenda Msata, kilomita 64, ukatokee kwenye barabara kuu ya Chalinze kwenda Segera. Mpaka Korogwe ni kama kilomita 250.

Hapa kuna jambo ambalo kijiweni hawatakuambia. Usitoke alfajiri. Mabasi ya asubuhi yanaondoka stendi ya Mbezi Louis kuanzia saa kumi na moja, kumi na mbili, na ukitoka Tegeta muda huo mtakutana Msata yote yakiwa kwenye kundi moja, yakifukuzana, na wewe katikati. Kunywa chai yako taratibu, toka saa mbili. Yatakuwa yameshapita. Magari hayataisha barabarani, ila lile wimbi la asubuhi litakuwa mbele yako, na mchana saa nane au tisa upo Korogwe umeshaoga. Desemba pia ni vuli, kati ya Wami na Segera mvua inaweza kukushukia bila kuaga, kwa hiyo unahitaji muda wa kusimama kwenye kibanda cha mtu ukasubiri. Lami iliyolowa ni mbaya zaidi dakika za mwanzo, mafuta na vumbi vinapoelea juu. Ikishanyesha sana inajiosha.

Ukifika Wami utavuka daraja jipya la mita 513, lililoanza kutumika 2022. Vuka ushukuru. Daraja la zamani lilikuwa jembamba, gari moja kwa wakati, na mteremko wa kulifikia ulikuwa na kona ambayo nikiikumbuka mpaka leo nabana meno.

Siku ya pili ndiyo utoke mapema, saa kumi na mbili kukipambazuka. Mabasi yanayotoka Dar asubuhi hiyo yatakuwa bado yapo mbali nyuma yako, na yale ya usiku yatakuwa yamepita. Utakutana tu na yanayoshuka kutoka Arusha na Moshi. Upande wa kulia unakwenda na milima ya Usambara, mashamba ya mkonge yanakusindikiza mpaka unakaribia Mombo, halafu nchi inakuwa kame: Mkomazi, Hedaru, Makanya. Lengo lako ni kuimaliza Same kabla ya saa tano asubuhi, kwa sababu ya jua na hasa kwa sababu ya upepo. Kuanzia hapo Mkomazi, kati ya Usambara na Upare, pana uwazi, na upepo unapita pale kama umefunguliwa mlango. Unapigwa ubavuni. Ukiwa na begi dogo unainamisha pikipiki kidogo upande unakotoka upepo na maisha yanaendelea. Ukiwa na boksi la TV ya inchi 32 limesimama nyuma yako, mpwa wangu, umetweka tanga, na nahodha ni upepo.

Kwa hiyo TV na mchele visafiri na basi. Mabasi yanayokwenda Rombo yanapokea vifurushi, lipia, chukua risiti, mama au mdogo wako akapokee stendi ya Mkuu, makao ya wilaya yenu.

Sasa mchumba. Sina shaka na ujasiri wake. Shaka yangu ipo kwenye mzani. Ukiweka mtu mzima na mzigo nyuma, tairi la nyuma linakandamizwa na la mbele linakuwa jepesi: usukani unalegea, breki ya mbele inapungua nguvu, na taa inaelekea juu ikiwachoma macho wanaokuja. Mjini kwa kilomita nne huoni tofauti. Kwenye upepo wa Same, basi likikupita kwa mwendo wa 100, utaiona. Na ikitokea pancha ya nyuma, pikipiki inapoanza kuyumba wewe una usukani wa kushika, yeye ameshika nini? Asafiri na basi. Atoke Dar tarehe 20, wewe umeshafika tangu jana yake, unamfuata stendi ya Mkuu na Boxer imeoshwa, unampakia, mnaingia kwenu wawili mbele ya watu wote uliotaka waone. Mnunulie helmeti yake mwenyewe inayombana kichwa, hiyo ya abiria wa kijiweni iache Tegeta. Utaniambia kama watoto hawakukimbilia.

Hela hutaokoa, niliseme na hilo. Boxer yako kwa mwendo wa upole itatumia lita moja kwa kilomita 40 hivi ukiwa na mzigo, labda zaidi ya hapo kama upepo upo na wewe. Ni lita 14 kwenda, zidisha kwa bei iliyopo sheli leo. Ongeza gesti ya Korogwe, chakula, oili, vifaa, nauli ya mchumba na kifurushi. Basi lingekuwa rahisi. Nenda kwa pikipiki kwa sababu unataka kwenda kwa pikipiki. Ni sababu inayotosha, na mtu mzima haombi radhi kwa ajili yake.

Nije kwa wataalamu wako wa kijiweni.

Huyo wa kutozima injini mpaka Korogwe anakumbuka pikipiki za zamani zilizokuwa zimechoka. Simama kila baada ya saa moja, zima, tembea, kunywa maji. Injini inayopozwa kwa hewa inapenda kutembea na inapenda kupumzika. Haipendi kusimama inaunguruma juani huku ukiongea na simu.

Wa oili ya gari na ea klina atakuulia chombo kabla ya Mkata. Klachi ya pikipiki yako inaogelea ndani ya oili hiyo hiyo ya injini. Ya gari haiogelei. Ndiyo maana oili nyingi za gari zimewekwa dawa za utelezi ambazo klachi yako haizitaki: utavuta mafuta, injini inapiga kelele, pikipiki haiendi. Weka 20W-50 ya pikipiki, imwage na kuibadilisha siku mbili tatu kabla ya safari, na ubebe nusu lita. Kila unapojaza petroli angalia na kiwango cha oili pikipiki ikiwa imesimama wima, siyo imeegemea stendi ya pembeni. Injini ndogo ikivutwa kwa masaa hula oili kidogo kidogo, na nyingi ninazozijua zilizofia njiani zilikufa kwa kukauka. Ea klina isafishwe irudishwe mahali pake. Bila hiyo vumbi la Hedaru linaingia moja kwa moja kwenye silinda.

Wa tatu, wa kujibana nyuma ya basi. Huyu nataka nimjibu kwa kirefu kwa sababu asemacho ni kweli na ndiyo hatari yake. Nyuma ya basi kweli upepo unapungua, pikipiki inakuwa nyepesi, unahisi umeongezewa cc. Lakini huoni kilicho mbele. Basi linapita juu ya jiwe au kipande cha tairi kilichopasuka, kinapita katikati ya magurudumu yake bila kulidhuru, halafu kinatokea mbele ya gurudumu lako ukiwa na mita tano za kufikiri. Tuta nalo dereva analiona mapema na kukanyaga breki, wewe unaliona taa nyekundu zikiwa usoni. Mwambie rafiki yako kuwa Morogoro alikwenda na bahati, ila bahati haina vipuri.

Mabasi yaache yapite. Ukiliona kwenye kioo, usiongeze mwendo na usikimbilie ukingoni kabisa. Kaa kwenye mstari ambao gurudumu la kushoto la gari hupita, ili dereva alazimike kukuona kama chombo na akupite kwa kuhama. Ukijibana ukingoni anakuona kama baiskeli, anapita hapo hapo, na lami ikiwa na ukingo uliomomonyoka huna pa kwenda. Likikufikia, legeza viwiko, bana tangi kwa magoti. Linapoanza kukupita utasukumwa kidogo, kisha utavutwa. Mtu aliyekakamaa mikono ndiye anayeyumba. Linalotoka mbele likiovateki jingine ni suala tofauti: hapo hakuna haki wala sheria ya kudai, punguza mwendo mapema, toka nje ya lami ukiwa umeshapunguza, usitoke ukiwa kwenye 70. Taa ya mbele iwake mchana kutwa na reflekta uivae juu ya koti. Hilo koti vaa kwa mbele kama watu. Najua bodaboda mnalivaa kinyume kuzuia baridi ya asubuhi, lakini kwa safari hii unahitaji zipu unayoweza kuifungua jua likichomoza Mombo.

Wa nne simjibu. Apeleke abiria Mwenge.

Wiki moja kabla, peleka pikipiki kwa fundi unayemwamini, ukae naye pale, usimwachie. Matairi yakiwa na vipara badilisha yote mawili na tyubu zake. Wa mjini mna tabia ya kupima upepo kwa kubonyeza kidole gumba. Safari hii pima kwa geji. Cheni iwe na mchezo wa sentimita mbili mpaka tatu katikati, maana ukikaa juu na mzigo inajikaza, na iliyokazwa sana hukatika au hula beringi. Spoku zigongwe moja moja kwa bisibisi: inayolia tofauti na wenzake imelegea. Beba tyubu ya nyuma, vyuma vya kutolea tairi, pampu ya mkono, plagi, kebo ya klachi, kiungo cha cheni, balbu, na spana za kufungulia gurudumu. Mimi mwaka mmoja nilipata pancha ya nyuma mbele ya Mkomazi jua linazama. Tyubu nilikuwa nayo, vyuma nilikuwa navyo. Pampu ya ofisi mwenzangu aliiazima wiki ile kwa baiskeli ya mtoto wake. Nililala kwa mfugaji mmoja aliyenikuta nimekaa chini natazama gurudumu, akanipa maziwa na ngozi ya kulalia, na asubuhi tulisukuma pikipiki pamoja mpaka kijijini. Tangu siku hiyo pampu yangu siazimi mtu, hata wa damu.

Ukifika Himo unaacha barabara ya Moshi, unashika ya Marangu, na hapo mlima unaanza. Usiilazimishe gia ya juu. Ikianza kulalamika rudi ya tatu, rudi ya pili, ni kwa kazi hiyo ziliwekwa. Ukipata ukungu na baridi ndipo utajua kwa nini nilikwambia koti.

Karatasi. Kadi ya pikipiki ina jina la nani? Wengi wanaomaliza mkataba wanapewa funguo na kadi, wanapiga picha, na umiliki TRA unabaki wa tajiri. Mjini trafiki anakujua kijiweni. Ukisimamishwa Same ukiwa na kadi ya mtu mwingine utatumia saa nzima kueleza. Badilisha umiliki mwezi huu. Kama haujakamilika, tembea na mkataba mliosainiana na namba ya tajiri, na umwambie awe na simu hewani. Bima isiwe imeisha, na leseni iwe na daraja la pikipiki. Tochi za trafiki za kupima mwendo zipo, hasa kwenye vijiji vya 50. Kwa mwendo niliokupa zitakupata vijijini tu, kwa hiyo vibao vya 50 viheshimu.

Nimebakiza mama.

Mwambie kabla. Najua utaona nimegeuka mzee wa kanisa, lakini sikatai siri kwa sababu ya amri ya ngapi. Mama anayeamini upo kwenye basi atakupigia saa sita mchana akuulize umefika wapi. Simu ipo mfukoni ndani ya koti la mvua, huipokei. Atapiga tena. Saa nane atampigia kaka yako, kaka atapiga ofisi ya basi, jina halipo kwenye orodha, na nyumba nzima itaanza kulia wewe ukiwa Makanya unakunywa soda. Na ikitokea kweli umeharibikiwa, watu wako wanakutafuta kwenye basi ambalo hukupanda. Lazima awepo mtu mmoja anayejua ulipo saa hadi saa, na kwa safari hii mtu huyo ni mama mwenyewe. Mpigie wiki hii, mweleze siku mbili, mweleze Korogwe, mweleze kwamba husafiri usiku na hubebi mtu. Atalia. Mpe nafasi alie. Halafu mwambie utampigia Msata, Segera, Korogwe, na kesho yake Same na Himo, na umpigie kweli. Kufika Himo atakuwa ameshawatangazia majirani, na huo ndio mlio uliokuwa unautaka getini.

Kule nyumbani utakuta mbege, ile pombe ya ndizi, na baada ya mbege utakuta wajomba wengine wanaotaka uwapeleke Tarakea mara moja. Funguo mpe mama akufichie mpaka asubuhi.

Na kurudi, ambako hukukutaja hata kwa neno moja, nako ni siku mbili. Tarehe 2 Januari wote uliokwepana nao mwezi uliopita wanateremka kwa pamoja, wana usingizi wa wiki nzima na wengine bado wana sikukuu kichwani. Subiri wapite, toka tarehe 5 au 6. Kabla hujatoka kaza cheni, itakuwa imelegea kwa mlima na kwa safari za Tarakea. Ukifika Tegeta mwaga oili tena, hata kama fundi atakuambia bado ina rangi nzuri.

Mjomba wako